Barafu ya Mtaalamu

Mama Limi anagawa maji ya mfereji wetu wa mpunga hapa Tindiga, mwaka wa tisa huu. Anachomeka kijiti tutani, kivuli kikifika kwenye alama, zamu yako imekwisha.

Juzi Mzee Elineema, mwenye shamba la juu kabisa, maji yanakoanzia, alituletea mtaalamu wa mabadiliko. Mtaalamu akasema kikundi ni kama barafu: unakiyeyusha, unakipa umbo jipya, unakigandisha tena. Kwa hiyo na mgawaji wa maji abadilishwe. Niliona Elineema anaitikia kabla mwenzake hajamaliza kusema.

“Sawa, mwanangu,” Mama Limi akasema. “Na friji ni ya nani?”

Mtaalamu akamtazama Elineema. Sote tukaona.

Asubuhi iliyofuata Mama Limi alichomeka kijiti chake, na Elineema akasubiri zamu kama sisi.