Mama wa Esitere

Jirani yangu Pélagie alikuwa na tabia moja iliyonikera kuliko zote: ukimwita, haitiki mara ya kwanza. Nasimama mlangoni pangu, hatua tatu kutoka kwake, naita, "Mama Darlène!" Naye anageuka kutazama nyuma yake, kana kwamba kuna mwanamke mwingine pale anayeitwa, kisha ndipo ananijibu. Mimi ni Ajwang, mtu wa Kisumu, na subira sikujaliwa. Nilimwambia mara nyingi akatoe nta masikioni. Yeye hucheka tu, akafunika mdomo na ncha ya kitenge.

Tumekaa vyumba vya kupakana hapa Nsambya, mjini Kampala, mwaka wa pili sasa. Yeye ni wa Bukavu, na kazi yake ni kuzungusha vitenge. Anajitwika rundo kichwani, anatundika hereni kwenye kipande cha katoni, anapanda na kushuka vilima mpaka Makindye huko, mlango kwa mlango. Mume wake, Bisimwa, yuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale analima mahindi, huja siku moja moja. Darlène ana miaka mitatu na miguu mirefu inayoning'inia, lakini mama yake alikuwa bado anambeba mgongoni kutwa nzima kama mtoto mchanga. Nikimwambia aniachie, mimi nashinda hapa na cherehani yangu, siendi popote, anasema, "Hapana, Mama Sylvanus, atakusumbua." Kila baada ya muda anapeleka mkono nyuma na kumgusa paji la uso. Mtoto mzima, anacheka, anakula muhogo, na bado anaguswa paji. Nilidhani ni deko. Nilimcheka, na leo naona aibu kwa kicheko kile.

Jumatatu moja hakutoka na vitenge. Mtoto alikuwa na homa tangu Jumamosi. Baada ya saa sita mchana nilimsikia akiniita kupitia ukutani, kwa sauti ya chini kabisa, na upole wa sauti ile ndio ulionitisha. Nilikuta Darlène kwenye mkeka, macho yamegeuka meupe, mikono imekakamaa, anatetemeka. Degedege. Nimelea watatu, najua. Nikamlaza ubavu, nikamfungua nguo, tukangoja. Ilipomwachia akalala usingizi mzito, pumzi fupifupi, mwili wa moto. Pélagie alikuwa amepiga magoti, hagusi kitu. Nikamkaripia anyanyuke amfunge mtoto, mimi nikaita boda.

"Daftari!" akasema tukiwa tayari nje.

Hapa Kampala kwenye vituo vya watu wa kawaida kila mgonjwa anakwenda na daftari lake, la shule kabisa, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Daktari anaandika humo ugonjwa na dawa, unarudi nalo nyumbani, na siku nyingine unakuja nalo tena. Usipokuwa nalo, unaanza upya mwisho wa foleni. Nikarudi mbio ndani. Pélagie hatupi kitu. Nyuma ya mlango kulikuwa na mfuko wa nailoni umefungwa mafundo mawili, nikaufungua kwa meno, nikavuta daftari la bluu, nikatoka. Sikusoma jalada. Nani anasoma jalada wakati mtoto anazimika?

Kituoni mabenchi yalijaa mpaka ukutani. Mvua ilikuwa imejikusanya juu ya mji, na mchana ule ulikuwa na giza la saa moja jioni. Umeme ulikuwa umekatika, na watu walizungumza kwa kunong'ona bila kuambiwa. Mezani alikaa muuguzi ambaye kifuani ameandikwa Rukiah, naye mwenyewe hujiita Lukia, kwa maana Waganda na hizo herufi mbili, r na l, hawajawahi kupatana. Nikampa daftari. Akamtia Darlène kipimajoto kwapani, akatikisa kichwa, akasema kwa huruma, "Bambi, mtoto iko moto sana," akaweka daftari kwenye rundo dogo la wale wa haraka. Mbele yetu walikuwa wawili tu. Nikashukuru Mungu, tukabanana kwenye benchi la kona.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu nisichokipenda. Kati ya Pélagie na mzee aliyefuata palibaki nafasi. Nafasi ya mtu mdogo, lakini nafasi. Watu walisimama wameegemea ukuta, wajawazito wengine, na pale hakai mtu. Mama mmoja mnene akaja, akainama, akauliza, "Hapa iko mtu?"

Darlène, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alifumbua macho mgongoni kwa mama yake. "Iko mutu," akasema.

Yule mama akatazama nafasi tupu, akanitazama mimi, akaenda kusimama mlangoni. Mimi si mwoga wa ovyo. Nikajiambia ni homa, homa huongea. Lakini sikunyoosha mguu wangu upande ule.

Wa kwanza akaitwa, akaingia. Wa pili akaitwa, akaingia. Kisha Rukiah akachukua daftari la tatu. Majina ya ukoo ya wageni humshinda, huita la kwanza tu.

"Esitere!"

Hakuna aliyeinuka. Nikadhani ni Esta fulani wa Kiganda, nikaanza kutafuta kwa macho huyo mama mzembe aliyetoka kununua ndizi. Ndipo nikahisi benchi linatikisika. Ni Pélagie. Alimshusha Darlène mgongoni, akampakata, akamfunika masikio kwa viganja vyote viwili.

"Una nini?" nikauliza.

"Usisikie," alikuwa anamwambia mtoto. "Usisikie, mama. Si weye."

"Esitere!" mara ya pili, kwa sauti zaidi.

Na Darlène, aliyezibwa masikio, alijinyoosha akataka kushuka chini. "Mama," akasema wazi kabisa, "banatuita."

Wanatuita? Sisi akina nani? Watu wangapi? Nywele zilinisimama, nasema kweli. Pélagie akainuka akamfunga mtoto mgongoni kwa mikono isiyoshika fundo. "Twende nyumbani, Mama Sylvanus."

"Nyumbani wapi? Mtoto amekakamaa mbele ya macho yetu!"

"Banamwita. Tukikaa hapa atakwenda. Twende."

"Nani anamwita? Wameita Esta!"

Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Hapana Esta. Estelle. Ni mtoto yangu ya kwanza. Alikufa."

Nilikuwa sijui. Miaka miwili ya kupakana ukuta, kuazimana chumvi, kusukana nywele, na sikujua. Alisimulia pale pale amesimama, haraka haraka, macho kwenye mlango. Miaka minne iliyopita, walipokuwa wageni kabisa mjini, Estelle alipata homa. Alikuwa na miaka mitatu. Akapewa dawa, akaambiwa arudi Jumatatu. Alikufa Jumapili, kabla ya jua kutoka. Darlène alizaliwa mwaka uliofuata, na hakuna aliyewahi kumtajia jina lile, hata mara moja. Baba alikataza, mama mwenyewe akalimeza.

"Sasa anamtafuta dada yake," akasema. "Anaona huyu niko naye siku zote mgongoni. Yeye nilimwacha."

Akaanza kwenda mlangoni. Nikamshika kitenge, nikashikilia. Mvua ilikuwa imeanza, mapaa yanapigwa, na shingo ya Darlène ilikuwa imelegea upande, kichwa kinamfuata mama yake kila hatua. Niliona wazi: akivuka kizingiti kile, tutamzika huyu pia. Hofu yangu ikageuka hasira, maana hasira ndiyo ninayoijua. Nikamwambia, "Simama hapo. Ukipiga hatua nitakuangusha mbele za watu." Nikaenda mezani.

"Wewe Rukiah, tumekaa hapa saa nzima, mtoto anakufa. Darlène amewekwa wapi?"

"Darlène sina," akasema. Akageuza rundo lote mbele yangu. "Angaria mwenyewe. Hapana Darlène. Iko huyu tu, naita naita, mama yake hataki kujibu."

Akaniwekea daftari la bluu mkononi. Kwenye jalada, kwa kalamu nyeusi iliyokwisha kufifia, paliandikwa Estelle Bisimwa, miaka 3.

Nilielewa, na kuelewa hakukuniondolea baridi. Mfukoni mle kulikuwa na madaftari mawili. Mimi, kwa pupa yangu, nilitoa la marehemu na kuacha la mzima. Nilimfungulia mafundo mawili mtoto wa watu aliyefungwa humo miaka minne, nikamleta hapa, nikamkalisha kwenye foleni. Nikageuka kutazama benchi letu. Watu waliosimama walikuwa wameongezeka, na ile nafasi ndogo ilikuwa bado pale.

"Daftari si lake," nikamwambia Rukiah. "Ni la dada yake. Nimekosea mimi."

"Kama si yake, nunua ingine, anza nyuma." Alisema bila ubaya, ni utaratibu. Nyuma kulikuwa na watu kama arobaini. "Kama ni yake, mama yake ajibu, aingie sasa. Nyabo, bibi, mimi naita mara ya tatu, baada ya hapo naweka chini."

Nilirudi kwa Pélagie nikamwonyesha jalada. Nikamwambia ni daftari, ni mimi, ni pupa yangu, hakuna anayemwita. Alipapasa zile herufi kwa kidole. Ni mwandiko wake.

"Nikiitika," akanong'ona, "si nitakuwa nimemtoa huyu amfuate dada yake?"

Ningejuaje? Mimi ni fundi wa cherehani. Nikamwambia nilichokiona tu. "Sijui mambo hayo. Ila Estelle amekaa hapa na sisi saa nzima, hajamdhuru mtu. Amekushikia nafasi."

Rukiah alisimama. Kwa kelele ya mvua ilibidi apaze sauti, na safari hii hakumwita mtoto. "Mama wa Esitere ni nani? Mama wa Esitere!"

Niliona Pélagie akianza kugeuka kutazama nyuma yake, kama kawaida yake, akijitafuta. Kisha akaacha. Alivuta fundo la kitenge likakaza.

"Ni miye," akasema. "Niko hapa."

Daktari alikuwa kijana wa Kasese, Mumbere, na Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule wa milimani, karibu na cha Pélagie. Alikuwa ameshika tochi ya simu. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akasoma haraka, huku mkono mwingine tayari unapima tumbo la Darlène.

"Mama, hapa wamekuandikia urudi Jumatatu. Mbona..." Mwanga wa tochi ulikuwa umefika kwenye tarehe. Akaitazama, akamtazama mtoto kitandani, akafunga daftari kuangalia jalada, akalifungua tena.

Pélagie alikuwa amesimama wima, mikono imeshuka. "Leo ni Jumatatu, daktari," akasema. "Tulichelewa. Lakini tumerudi, bote."

Hakuuliza zaidi. Mungu ambariki kijana yule. Alisema tu, "Mmefanya vizuri kurudi. Huyu anaitwa nani?" Akageuza ukurasa, akaandika tarehe ya siku ile, akaandika Darlène, akapiga kelele aletewe dripu. Damu ilionyesha malaria kali. Alisema kama tungesubiri mpaka jioni, angekuwa anaandika kitu kingine. Sindano ya kwanza ilipoingia, mtoto alilia kwa nguvu, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Nilitoka kumtafutia mama yake chai. Umeme ulikuwa umerudi. Kwenye benchi letu, katika ile nafasi, yule mama mnene alikuwa amekaa amejaa, anamenya ndizi, amemsukuma mzee mpaka pembeni.

"Hapa hapakuwa na mtu?" nikamuuliza.

"Ametoka," akasema, bila hata kuniangalia.

Walilala pale siku tatu. Darlène alirudi nyumbani kwa miguu yake, na siku hizi nashinda naye hapa kwenye cherehani, ananipotezea vifungo. Nyuma ya mlango wao limebaki daftari moja. Lile jingine, lililokuwa la Darlène na kurasa zake tupu, limetiwa kwenye makaratasi ya kuwashia moto, jambo ambalo sikutegemea kuliona kwa mtu asiyetupa kitu. Dada wote wawili wanatumia moja.

Na mimi nimeacha kumwita kama zamani. Kwao, na kwetu pia, mama huitwa kwa kifungua mimba wake, na mimi miaka miwili nilikuwa namwita kwa jina lisilo lake. Asubuhi akiwa anafunga vitenge nasimama mlangoni pangu, hatua tatu, naita, "Mama Estelle!"

Anaitika mara moja. Hageuki nyuma.