Vidole vya Mjomba

Baba yangu alikuwa mtu wa kumalizia watu sentensi. Ukianza kusema "Leo nimekwenda...", yeye anadakia "mtoni", hata kama ulikwenda kwa jirani kuomba moto. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa kinyume chake. Ukimweleza jambo alinyamaza mpaka ufike mwisho, kisha akanyamaza tena kidogo, ahakikishe kwamba ndio mwisho kweli. Watu hawa wawili walikuwa mashemeji, kwa hiyo walichokozana kutwa kucha, na sisi watoto wa pale kijijini Kibabi tulikua tukidhani hivyo ndivyo wanaume wanavyosalimiana.

Jumapili walikuwa na kazi moja. Mhubiri wetu alitoka mbali na alihubiri kwa Kiswahili, na wazee wengi, bibi mzaa mama akiwa wa kwanza, hawakujua ila Kihunde, lugha ya kwetu. Basi Jumapili hii baba anasimama kando ya mhubiri kutafsiri, Jumapili ijayo anasimama mjomba.

Baba alianzia juu. Mhubiri akifungua kinywa tu, baba alikuwa ameshaamua hii ni sentensi ya namna gani, ni onyo au ni ahadi, kisha anateremka nayo akitafuta maneno ya kuijaza. Mara nyingi alipatia, maana mahubiri ya kwetu hayakuwa na mambo mageni mengi. Lakini siku moja mhubiri alisema, "Mungu anawapenda..." na baba akawahi kwa Kihunde, "Mungu anawapenda ninyi nyote!" Mhubiri akaendelea, "...wale wanaopalilia shamba la mjane kabla ya lao." Kanisa zima lilikuwa limeshafurahi, kumbe wapendwa ni wachache. Baba hakuona njia ya kurudi nyuma bila kuwanyang'anya watu upendo wa Mungu, akaacha hivyohivyo. Mjomba alimcheka mwezi mzima.

Mjomba mwenyewe alianzia chini, kwenye maneno. Kila neno alilosikia alilinyooshea kidole. Mhubiri akisema "mwanamke", kidole cha kwanza kinanyooka. "Mwenye", cha pili. "Imani", cha tatu. Hapo mjomba aliitazama midomo ya mhubiri kabla hajafanya lolote. Kama neno linalofuata ni "kubwa", basi imani haijaisha, anaongeza kidole cha nne. Kama linalofuata ni "alipanda", anakunja vile vitatu na kubakiza kimoja, kwa sababu maneno yale matatu sasa ni kitu kimoja: ni mtu. Halafu "alipanda" linapata kidole chake, na "maharage" chake, na hivyo viwili vinakunjwa kuwa kimoja: ni tendo. Sasa vimebaki viwili, mtu na tendo lake. Mhubiri akifunga kinywa, mjomba anakunja viwili hivyo kuwa kimoja, na kidole kimoja kikiwa juu ndipo anapomgeukia bibi na kumpa sentensi nzima. Ikitokea mhubiri amemaliza na bado kuna vidole viwili visivyokubali kukaa pamoja, mjomba alijua kuna kosa mahali. "Papa, rudilia," anasema, na mhubiri anarudia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa hesabu aliyegeuzwa kuwa mwalimu wa kompyuta, nilipewa kufundisha somo la kompaila. Kompaila ni programu inayosoma maagizo aliyoandika mtu na kuyatafsiri kwa lugha ya mashine. Nilipofungua kitabu nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kuna nini. Kitabu kilisema kompaila husoma kwa njia mbili: kuna ya kutoka juu kwenda chini, ambayo hutabiri sentensi kisha hutafuta maneno yake, na kuna ya kutoka chini kwenda juu, ambayo hupokea maneno moja moja na kuyakunja pole pole mpaka libaki jambo moja. Baba na mjomba, wamechapishwa!

Mashine haina vidole, ina rundo. Neno linaloingia linawekwa juu ya rundo. Maneno ya juu yakikamilisha kitu ambacho sarufi inakijua, yanaondolewa, na jina la kitu hicho linawekwa mahali pao. Kabla ya kukunja, mashine inachungulia neno moja la mbele, kama mjomba alivyochungulia midomo. Wanafunzi wangu niliwapa mbili jumlisha tatu mara nne. Mwenye haraka anaona "mbili jumlisha tatu", anakunja, anapata tano, mwisho wake ni ishirini. Anayechungulia anaona "mara" inakuja, anaacha vidole juu, anakunja kwanza tatu mara nne, na anapata kumi na nne. Sisemi mjomba aliwatangulia wataalamu. Hakujua kitu juu ya mashine hizo, na angeambiwa angeuliza kama zinalima.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo msomaji wa aina hii hukwama. Sarufi inamruhusu kukunja, na inamruhusu vilevile kungoja, na kila njia inatoa maana yake. Mahali hapo nilipajua kabla ya kitabu, kwa sababu nusura paninyime mume.

Mama na mama mdogo walikuwa wamebadilishana mabinti. Mama mdogo aliolewa Kashebere, kwenye barabara ya Walikale, na alihitaji mtu mwenye mdomo wa kumsaidia kuuza maharage na unga wa muhogo. Nikapelekwa mimi. Binti yake, ambaye ni mpole, akaletwa Kibabi kukaa na bibi. Huko Kashebere nilimfahamu kijana wa kijiji cha Ntoto aliyekuwa akipita na mafuta ya mawese. Kila safari aliutua mzigo wake mbele ya meza yetu, kwenye jua, na kivuli kizuri kilikuwa hatua chache tu mbele. Nilimpenda. Nasema wazi, nimezeeka na sina wa kumwogopa. Aliponiambia wazee wake watakuja kwetu, sikuweza kukaa. Nilirudi Kibabi kwa kisingizio cha mavuno, na yeye hakujua kwamba nimerudi. Kutotulia huko nilirithi kwa baba.

Wageni walikuja na kuku wawili na mafuta. Kijana mwenyewe haji siku ya kwanza, na kwetu siku hiyo msichana hatajwi jina. Msemaji wa wageni humzunguka kwa maneno mazuri, na wenyeji hawamuulizi "Yupi?", maana ni kama kumwambia hajui alichokuja kuomba. Kuuliza si ujinga, wanasema watu. Siku ya posa ni ujinga, na ni matusi juu yake. Neno la mwisho lilikuwa la bibi, na neno la bibi likishatoka halikurudi ndani hata ungelia.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, na mimi tulikuwa jikoni tukichambua maharage, tukichungulia kupitia ukuta wa matete. Msemaji, mzee mrefu, alisimama, akamtazama mjomba.

"Tumekuja kuomba mutoto ya dada yako mwenye iko Kashebere."

Niliona vidole vya mjomba vikinyooka. Mutoto. Ya. Dada yako. Kisha "mwenye", ambalo kwetu ni "ambaye" pia, na hapo mkono wake ukasimama. Angekunja vile vya mwanzo kwanza, kuwa mtoto wa dada, basi "mwenye iko Kashebere" ni mtoto, na mtoto huyo ni mimi. Angeviacha, "mwenye" lingeshikamana na neno la karibu yake, ambalo ni dada, basi aliyeko Kashebere ni mama mdogo, na anayeombwa ni huyu aliyekaa kando yangu na ungo magotini. Kompaila nyingi zikikwama hapo huchagua kungoja, na neno linashikamana na la karibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya mjomba pia. Tena mimi nilikuwa nimesharudi, kwa hiyo mtu wa kwetu aliyebaki Kashebere alikuwa mama mdogo peke yake. Kila kitu kilimwelekea mdogo wangu.

Baba hakungoja hata hayo. "Mama," alimwambia bibi kwa Kihunde, "wanamtaka huyu unayeishi naye."

Bibi akatabasamu, akaanza kusafisha koo. Mdogo wangu alinishika mkono kwa nguvu.

"Mi simujue ule muntu," akaninong'oneza.

"Miye njo namujua," nikamjibu, yaani mimi ndiye ninayemjua, na machozi yalikuwa yananijia.

"Ngoja, shemeji," mjomba alisema. "Vidole yangu iko bado juu."

"Shemeji, iyo vidole itaota uyoga."

Wageni walicheka kwa adabu. Mjomba hakucheka. Alimgeukia msemaji. "Papa, maneno yako iko tamu sana. Utuongezee moja."

Msemaji alifurahi, kama mtu aliyeombwa kuimba tena. "Mwenye anauzishaka maharage kwa barabara," akasema.

Mama mdogo aliuza maharage barabarani kabla mimi sijazaliwa. Vidole vya mjomba vilibaki juu.

"Utuongezee ingine, Papa."

"Mwenye anachekaka sana!"

Baba aliangua kicheko, na kweli, hakuna mtu wa ukoo wetu ambaye maneno hayo hayamfai. Msemaji alikuwa amemaliza akiba yake. Alikaa chini, akajifuta uso, akafunga kinywa. Hakukuwa na neno la mbele la kuchungulia. Bibi aliinama mbele kidogo, kama afanyavyo akitaka kusema, na nilijua akishasema nitampikia mdogo wangu chakula cha harusi.

"Nilisharudi!"

Sauti ilikuwa yangu. Ilitoka jikoni, kwa msichana asiyetakiwa hata kukohoa siku hiyo. Lilikuwa neno moja tu, lakini mwanzoni lina "ni", na mama mdogo hakuwa ndani ya "ni" hiyo: aliyetoka Kashebere ni mimi.

Mama, aliyekuwa amekaa karibu na bibi, alijifunika uso kwa kitenge. Mjomba hakugeuza kichwa. Alikunja mtoto wa dada kwanza, kimoja. Akakunja aliyeko Kashebere, kimoja. Akaviunganisha, na kidole kilichobaki kikaelekea kwenye matete yetu. Kisha akampa bibi sentensi nzima kwa Kihunde: wanamwomba mtoto wa dada yangu, yule waliyemwona Kashebere, naye amesharudi.

Bibi aliugeukia ukuta wa matete. Baba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na nafasi ya kudakia na hakudakia.

"Mtoto huyu," bibi akaanza, na mimi jikoni nikanyoosha kidole, "hana adabu."

Hiyo ilikuwa sentensi nzima. Ningeikunja hapo ningetoka mbio hadi bondeni nikalie. Lakini midomo yake ilikuwa bado wazi, nikaacha vidole vyangu juu, na mdogo wangu ameushika mkono wangu mwingine.

"Kama mimi siku yangu ya posa," bibi akamalizia, akanyoosha mikono kuwapokea kuku.