Springi za Mzee Jivan

Naikumbuka vizuri Jumatatu ile, mwanangu, siku niliyomsitishia kazi Mzee Jivan kwa barua pepe ya mistari mitatu. Umeniambia umeajiriwa idara ya ununuzi, na nimefurahi. Lakini kaa kidogo nikusimulie. Nijibu kwa Kiingereza chako ukitaka, mradi unisikilize.

Sikuwa nimetimiza miaka thelathini. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha viti vya magurudumu, huku huku ugenini, mjini Hounslow. Meneja alinipa jukumu la kurekebisha mnyororo wetu wa ugavi, maana vifaa vilichelewa, stoo ilijaa vitu visivyotumika, na wauzaji walikuwa wengi mno. Nilikaa na kompyuta wiki nzima. Nikapendekeza tuwaache wauzaji wadogo, tuagize kila kitu kutoka kiwanda kimoja kikubwa ng'ambo, na vifike siku tunayovihitaji tu. Wakubwa wakanipigia makofi.

Mmoja wa wale wadogo alikuwa Mzee Jivan, Mhindi mzaliwa wa Tanga kama mimi, mwenye karakana mtaa wa Rayners Lane, si mbali na kiwanda chetu. Yeye ndiye aliyetutengenezea springi za breki miaka yote. Kila akileta mzigo alinisemesha Kiswahili cha kwetu, wenzangu wa ofisini wakabaki kututazama.

Alipoisoma barua alinipigia simu. Hakugomba.

"Binti, kampuni ni yenu, sina neno. Ila njoo karakana kabla hujawapa wengine hii kazi. Kuna jambo nataka nikuonyeshe."

"Nitakuja, mzee, nikipata nafasi."

Sikwenda. Kusema kweli niliona haya kumtazama usoni, nikajidanganya kwamba nina shughuli nyingi.

Springi mpya zilikwama bandarini wiki mbili. Stoo ilikuwa tupu, kama nilivyotaka, na mafundi wakakaa bure. Zilipofika tukazifunga haraka. Kwenye majaribio, kiti kikiwekwa penye mteremko, breki zinaachia. Tukazipima springi, ziko sawa kabisa na mchoro tuliopeleka. Tukapima ya zamani, ikawa tofauti. Mchoro wetu ulikuwa na kosa tangu mwanzo, na mzee alikuwa akilisahihisha kimyakimya. Umbo la springi yake tuliweza kuliiga, lakini namna alivyokichoma chuma kikawa kigumu vile, hatukujua.

Hapo ndipo nikapata nafasi ya kwenda Rayners Lane.

Karakana ilikuwa imefungwa, mashine zimeshauzwa. Nikaelekezwa nyumbani. Mkewe alinifungulia, akanikaribisha ndani. Mzee alikuwa kwenye kiti, kiharusi kimempooza upande mmoja, hawezi kusema. Nikamweleza shida yetu, nikamwekea springi mpya kwenye kiganja cha upande usiopooza. Akaigeuza, akaibonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Akajaribu kuniambia kitu. Alijaribu sana, mwanangu. Kisha akalia, nami nikalia.

Mkewe alinisindikiza mlangoni.

"Alikungoja," akasema. "Kila gari likisimama nje alidhani ni wewe. Nilimwambia hutakuja, akanikatalia. Akasema binti wa Tanga hawezi kumfanyia hivyo."

Hakupandisha sauti. Laiti angenifokea.

Mzee Jivan alifariki kabla ya baridi kwisha. Ilituchukua miezi kupata springi za kufaa, na hospitali zilizokuwa zikisubiri viti vyetu zilikuwa zimeshanunua kwingine. Mafundi wengi wakaachishwa kazi. Mimi nilibakizwa, na sijui mpaka leo kwa nini.

Sasa nisikilize. Ukiambiwa upunguze wauzaji, punguza, ndiyo kazi yako. Lakini nenda kwanza ukawaone wakifanya kazi. Waulize wanajua nini ambacho hakimo kwenye mchoro, ukiandike. Weka akiba kidogo stoo, hata wakikucheka, na usitegemee mlango mmoja. Na ukilazimika kumwacha mtu, mwambie ana kwa ana, siku ileile. Aibu ya kumtazama ni ya saa moja. Hii niliyonayo mimi imezeeka pamoja nami.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu. Akupe moyo wa kuwahi kwa watu wangali wanaweza kusema nawe, na akuepushe na majuto. Amina.