Mama Fotokopi na Vyeti Vilivyosahaulika

Tunamwita Mama Fotokopi. Kila siku kabla ya kufunga kibanda chake, anafunua mfuniko wa mashine kuona nani kasahau cheti ndani. Akikikuta, anakipiga picha, namba ameifunika kwa kidole gumba chenye wino, kisha anakiweka mtandaoni na maneno yasiyobadilika: "Jamani, naomba msambaze. Mwenyewe yuko mahali anahangaika." Hata akikuhudumia dirishani hukukumbusha kwa sauti ya chini, kama anayeomba maji ya kunywa, "Ukipata nafasi, nisambazie kile cha leo."

Mwaka jana cheti kilikuwa changu. Usaili wa kazi ulikuwa umebakiza siku mbili, nimeshapindua godoro na kumgombeza mume wangu bure, ndipo dada yake anayeishi mbali akanipigia. "Wifi, mbona cheti chako nakiona kwenye simu?" Nilimwendea Mama Fotokopi mbio, na kitambaa cha gauni mkononi kumshukuru. Alikiweka kando, akanisogezea kiti. "Kaa kwanza, mwanangu, niwaambie umepatikana." Watu arobaini na mmoja walikuwa wamesambaza. Alimwandikia kila mmoja kwa jina lake, kwa kidole kimoja, huku akitamka anachoandika: ahsante, mwenyewe kafika, yuko hapa mbele yangu. Hakumruka hata mmoja. Nilikaa pale nikisikia majina ya watu nisiowajua, machozi yananitoka kwa furaha, na kazi yenyewe hata sijaipata.