Daktari Asiyetaja Ugonjwa

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Dokta Fortunat ni kwamba husoma picha akiwa ameipa mgongo. Asubuhi, idara yetu ya radiolojia inapokutana na wapasuaji, picha ya mgonjwa ikiwaka ukutani, yeye huitupia jicho moja tu, kisha hugeuka na kutazama nyuso zetu. Nilikuwa mgeni, nimetoka tu chuoni, nikadhani huo ni ualimu: profesa anawatafuta wanafunzi waliokwama. Kumbe anatafuta jibu.

Mpasuaji akikunja uso, Fortunat husema kuna jambo la kutia wasiwasi. Mpasuaji akipiga miayo, husema hakuna haraka. Ripoti zake zote huishia mahali pamoja: huenda, haiwezi kukanushwa, ilinganishwe na hali ya mgonjwa. Kwa maneno hayo amepanda hadi uprofesa na nyumba ya Kiriri, mtaa wa wakubwa. Kwa kuwa hajawahi kutaja ugonjwa, hajawahi kukosea, na Kitivo cha Tiba humsifu kwa hilo. Makala zenye jina lake mbele ziliandikwa na wanafunzi. Mchango wake ulikuwa kuweka "huenda" kila walipothubutu kusema kitu.

Mwaka huu mkuu wa idara anastaafu, na Fortunat anakililia kiti hicho kama mtoto anavyolilia ziwa la mama. Mpinzani wake ni Dokta Houda, mwanafunzi wake wa zamani. Kitivo kilichoka na fitina zao za korido, kikaamua: wote wawili wasome picha ya mgonjwa mmoja aliyekwisha kupangiwa upasuaji, kila mmoja aandike jibu moja ubaoni, kisha tumbo lifunguliwe mbele yao. Atakayepatia ndiye mkuu.

Mgonjwa ni Mwanne, muuza vitenge wa mtaa wa Buyenzi, mwenye uvimbe tumboni. Siku moja kabla ya usomaji, Fortunat alishuka wodini, mahali ambapo wauguzi walilazimika kumwelekeza njia.

"Mama, we mwenyewe unafikiri ni nini?"

Mwanne alimpima kuanzia kola hadi viatu. "Docteur, mi nauza vitenge. Muteja akiniuliza bei, mi simuulizi yeye."

"Apana kukasirika, docteur," akasema mama wa kitanda cha pili. "Hata bwana yake anamujibu vile vile."

Wodi nzima ikacheka. Mwanne akaendelea, "Toka wanipasue mutoto wa mwisho, hii tumbo haijatulia. Docteur Massoudi ndiye alinipasua. Muulize yeye."

Mwanamke alikuwa amemkabidhi ugonjwa mkononi. Profesa akaondoka na jina la mpasuaji tu.

Kesho yake Massoudi aliketi safu ya mbele. Picha ilipowaka, uso wake ukasawijika na jasho likamtoka. Fortunat aliuona uso huo, akafurahi waziwazi. Akaenda ubaoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akaandika neno bila kulikinga: Saratani.

Houda aliomba picha irudishwe nyuma, ikarudishwa, akaomba tena. Kisha akaandika: Kitambaa kilichosahaulika katika upasuaji.

"Binti yangu," Fortunat akacheka, "unamtuhumu nani?"

"Simutuhumu mutu, patron. Nasoma picha."

Massoudi alikuwa ameinamia viatu vyake. Fortunat alimtazama tena, na safari hii kicheko kikamkauka mdomoni. Akaichukua kalamu, akasogea ubaoni, na sote tulijua neno alilotaka kuliongeza mbele ya saratani yake. Mkuu wa Kitivo akampokonya kalamu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto wembe.

"Inatosha, Professeur. Umeshaandika."

Leo ndiyo siku yenyewe. Massoudi ameomba udhuru na kisu amepewa mwingine. Mwanne alipokuwa akisukumwa kuingia ndani, aliwashika mikono madaktari wote wawili. "Mukikiona, munionyeshe na mi. Tumbo ni yangu."

Houda aliitikia. Fortunat alisema itategemea.

Idara nzima tumejazana kwenye kioo cha chumba cha upasuaji, hata waliokuwa na likizo wamekuja. Mpasuaji amekwisha kuchora mstari tumboni, na sasa ananyoosha mkono ili apewe kisu.