Mchanga wa Kitandani kwa Baba

Wodi ya wanaume ilinuka dawa ya kupigia deki, maganda ya machungwa na oili ya pikipiki. Oili hiyo ilikuja na wagonjwa wenyewe, maana wengi walikuwa waendeshaji wa boda boda, na jaketi zao zilitundikwa kwenye vyuma vya vitanda. Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa mwezi wa Agosti, na baba yangu alikuwa amelala humo paja limevunjika. Trela lililokuwa likirudi nyuma kwenye foleni ya mpakani Malaba lilimbana yeye na pikipiki yake. Walioshuhudia walisema aliponea chupuchupu. Mimi niliyemwona akiteremshwa kwenye pikapu, suruali imechanwa mpaka kiunoni, sikuona kupona kokote.

Vitanda vilipangwa kufuatana na ubaya wa majeraha. Walioumia kichwa au kifua walilazwa karibu na meza ya wauguzi. Waliopata nafuu walisogezwa polepole kuelekea dirishani. Kwa hiyo sisi jamaa hatukuulizana hali ya mtu, tuliulizana yuko kitanda gani. Wagonjwa nao waliitana kwa vyombo vilivyowagonga. Baba aliitwa Trela. Kitanda cha pili alikuwepo Lori, kijana mwenye meno mawili pungufu na maneno mengi ya ziada. Karibu kabisa na meza ya wauguzi alilala mzee mpole wa Marachi aliyeumia kuliko wote wawili, naye aliitwa Baiskeli. "Heri nyinyi mligongwa na kitu ya maana," alilalamika mzee huyo. "Mimi nikirudi kwetu Butula nitasema nini?" Wodi nzima ilicheka, hata wale waliokatazwa kucheka kwa sababu ya mbavu.

Mguu wa Baba ulipitishwa chuma chini ya goti, chuma kikafungwa kamba, kamba ikapita juu ya gurudumu dogo mwishoni mwa kitanda, na kwenye ncha yake ukaning'inia mfuko wa mchanga. Daktari alieleza kwamba mchanga ule ndio uliouvuta mfupa ukae sawa. Mfupa ukiunga kwa kupandana, mguu ungekuwa mfupi na Baba angechechemea maisha yake yote. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, tena nikajiona mtu mkubwa kwa kuyasikia.

Siku ya tatu akafika Tata, ndivyo sisi Wateso tumwitavyo nyanya. Alikuwa ametoka Moding kwa miguu, kwa kuwa tangu apate habari za mwanawe aliapa kutopanda tena pikipiki. Kichwani alibeba kapu la muhogo na njugu. Tata alikuwa na desturi moja aliyoishika kuliko Amri Kumi: mtu mwenye mzigo hasalimiwi, hutuliwa kwanza. Ukiingia bomani kwake na kuni kichwani, angekutua kabla hajakutazama usoni. Sasa mwazieni mama huyo, mlangoni mwa wodi, akimwona mwanawe wa pekee amelala chali na mfuko wa mchanga umefungwa mguuni. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini kwake mfuko ule ulikuwa kama umefungwa shingoni mwake. Hakumsalimu Baba. Alikwenda moja kwa moja mwishoni mwa kitanda, akalegeza mdomo wa mfuko, akachota mchanga konzi moja, akaufunga kwenye pindo la leso. Ndipo akasema pole.

Muuguzi aliyekuwa zamu alitokea wakati huohuo. Hakuona konzi ile, ila aliona mkono wa Tata karibu na kamba. Tata hakujua Kiswahili, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. "Mwambie nyanyako hii mchanga isiguswe hata kidogo," aliniambia. Nilimtazama Tata, vumbi la Moding likiwa bado miguuni mwake. Kwetu mtoto hamkosoi mtu mzima, sembuse mbele za watu, sembuse nyanya yake. Nikafungua mdomo nikasema kwa Kiteso, "Anasema karibu sana, mwanao anaendelea vizuri." Tata akamshukuru muuguzi kwa mikono miwili. Muuguzi akaenda zake ameridhika.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu iliendelea kwa siku kumi na moja. Tata alihamia chumba chetu cha kupanga, na kila mchana tulikwenda pamoja hospitalini. Alichota konzi moja, si zaidi, kisha tulipotoka akaumwaga mchanga chini ya maua ya uani. Asipochota hakula. Akishachota, alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamenya njugu, akala na mwanawe, na uso wake ukarudi kuwa uso niliouzoea. Baba alifumba macho na kushusha pumzi ndefu. "Unaona," Tata aliniambia, "amepumua." Nilimpenda sana Tata, na niliogopa sana.

Kisha Baba akapigwa picha ya pili. Daktari aliinyanyua kuelekea dirishani, akasema mfupa umepandana. Nilimfuata muuguzi koridoni nikamwambia kila kitu, kamasi zikinitoka. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alirudi akaujaza mfuko, akaufunga mdomo kwa plasta mara nyingi, na Baba akaongezewa wiki sita. Tata alipokuja na kuikuta ile plasta alisimama ameduwaa. Baba ndiye aliyesema naye, kwa Kiteso, akitabasamu: "Mama, sasa nimepata nguvu. Naweza kuubeba wote." Tata alipiga vigelegele mpaka Lori akaamka.

Sasa mimi ni mama wa watoto wawili. Foleni ya Malaba imepungua siku nyingine na kurefuka nyingine, boda boda zimeongezeka maradufu, na majeruhi nao vivyo hivyo. Lakini siku hizi paja likivunjika, mara nyingi mfupa hutiwa chuma kwa ndani, na mtu hurudi kwao akiwa na magongo kabla jamaa hawajajuana kwa majina. Sitamani mchanga urudi. Natamani tu kwamba Baba angevunjika katika zama hizi, maana licha ya zile wiki sita mguu wake wa kulia uliunga ukiwa mfupi kwa upana wa vidole viwili, na kila nilipomwona akivuka barabara nilihisi ni mimi niliyeukata.

Mwaka jana, baada ya kumzika Tata, nilishindwa kuendelea kunyamaza. Tulikuwa tumeketi uani mimi na Baba, nikamwambia jinsi nilivyotafsiri uongo. Baba alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe mama, mimi nilivunjika mguu, sio masikio. Kwani mimi sijui Kiteso?"

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Alikuwa amelala hatua moja kutoka kwetu, na lugha zote mbili ni zake. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, na kama angalau mchanga ulipopungua alipata ahueni.

"Ahueni wapi! Kila akichota, mfupa ilikuwa inarudi kupandana, mguu inawaka moto. Nilikuwa nafumba macho nisipige kelele."

"Na hukumwambia?"

"Angejua ananiumiza." Alinyoosha ule mguu mfupi, akaukanda taratibu. "Mpaka anakufa, mama yangu alijua ni trela ilinifanya hivi. Wacha ibaki trela."