Vidole Viwili vya Mama Futi

Miaka ishirini na mbili Mama Futi alishona sare za shule, mpaka mgongo ukamwambia basi. Kliniki ilipotafuta mtu wa kupima watoto viuno, kwa ajili ya utafiti wa unene wa utotoni, alijitokeza kifua mbele. Nani angemfundisha yeye kushika futi ya kupimia? Watoto walimpenda kwa utani wake, naye aliipenda kazi ile kuliko cherehani zote alizowahi kukanyaga.

Asubuhi moja daktari alimwita chumbani. Mbele ya daktari walikaa binti wa miaka tisa na mama yake.

"Mama Futi, huyu ananichanganya," daktari alisema. "Kiuno ulichoandika mwezi jana ni kikubwa, ndiyo maana tukawapelekea wazazi wake barua ya tahadhari ya unene. Sasa majibu ya damu yametoka. Homoni ya shibe hupanda mafuta yakizidi mwilini, na yake iko sawa kabisa. Hebu mpime tena."

Mama Futi alizungusha futi. Daktari alikuwa ameikodolea macho mikono yake, kwa hiyo safari hii aliilaza futi moja kwa moja mwilini. Sentimita tatu zilikuwa zimepungua. Hapo akang'amua kosa lake. Mwezi mzima alikuwa akipenyeza vidole viwili chini ya futi, nafasi ya kukua, kama afanyavyo fundi yeyote asiyetaka sketi ibane kabla mwaka haujaisha.

"Labda siku ile alikuwa ameshiba," daktari alisema.

Njia ilikuwa nyeupe, na tuseme ukweli, Mama Futi alishaanza kuipita. Angenyamaza tu, kazi ingebaki yake.

Binti akatabasamu. "Nimepungua kwa sababu sili jioni. Tangu barua ile ije, mama ananipa maji tu."

Mama mtu akatazama sakafu.

Mama Futi alipiga magoti mbele ya mtoto. "Hukupungua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuzidishia." Akaeleza yote, vidole, sare, na watoto wengine sitini na mmoja aliowapima vivyo hivyo.

Daktari alifungua daftari la vipimo. "Tutawapima wote upya," alisema. "Utawapima wewe, na barua za kuomba radhi utazipeleka wewe mwenyewe."

Aibu ilimshika, lakini alijisikia mwepesi.

Binti alimvuta mama yake mkono. "Kwa hiyo leo jioni nakula?"

"Utakula," mama yake alisema, akamvuta karibu.